Dhahabu: maana, asili na sura zake katika maandiko matakatifu na fasihi

dhahabu nm [i-/zi-] 1. madini ya manjano yenye thamani kubwa, yasiyoshika kutu, yanayotumika kutengenezea vito, sarafu na vifaa vya kitaalamu (alama ya kikemia: Au). 2. pambo au mapambo yaliyofuliwa kwa madini hayo: *Bibi harusi alivaa dhahabu zake zote.* 3. (katika muundo *-a dhahabu*) -enye rangi ya madini hayo. (Kwa sitiari) -enye thamani kubwa, bora: *medali ya dhahabu. Jubilei ya dhahabu.*

Mwanafunzi na mfasiri hukutana na neno hili mara nyingi katika maana ya tatu, nao hulichukulia kuwa kisawe cha «bora». Makala haya yanaonyesha kwamba maandiko yaliyoipa dhahabu uzito wake wa kisitiari hayaitumii hivyo. Humo dhahabu ni kipimo: ama kitu kingine hulinganishwa nayo na kuizidi, ama yenyewe hutiwa motoni ili ukweli wake ujulikane. Anayelisahau hilo hutafsiri rangi na kuacha maana.

1. Sarufi na matamshi

Likiwa jina la madini, *dhahabu* ni nomino ya wingi usiohesabika. Upatanisho wake ni wa umoja hata pale kiasi kinapokuwa kikubwa: *Dhahabu nyingi imechimbwa mwaka huu*, si *zimechimbwa*. Likiwa na maana ya mapambo, huhesabika na kuchukua upatanisho wa wingi: *Dhahabu zake ziliibwa.* Umbo *madhahabu* halikubaliki katika Kiswahili sanifu.

Sauti ya kwanza ni /dh/ kama katika *dhambi* na *dharau*. Wazungumzaji wengi wa bara, wakiwemo wa magharibi mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo, hutamka *zahabu*. Matamshi hayo ni ya kawaida katika mazungumzo, lakini tahajia sanifu inabaki *dhahabu*.

2. Asili

Neno limetoka katika Kiarabu *dhahab*. Lina ndugu katika lugha nyingine za Kisemiti: Kiebrania *zahav* na Kiaramu *dehav*. Sauti moja ya kale ilibaki *dh* katika Kiarabu, ikawa *z* katika Kiebrania na *d* katika Kiaramu. Kwa hiyo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapokutana na *dhahabu* katika kitabu cha Mwanzo, au katika ndoto ya Nebukadreza ambayo kwenye Danieli 2 imeandikwa kwa Kiaramu, anasoma neno la ukoo uleule na lile la matini ya asili. Wafasiri wa Kiingereza au Kijerumani hawakuwa na bahati hiyo. Msemaji wa *zahabu*, kwa upande wake, amerudi karibu na Kiebrania bila kukusudia, kwa kuwa badiliko lake la sauti limetokana na mfumo wa sauti wa lugha za Kibantu za bara.

Kiebrania, hata hivyo, kina majina kadhaa ya dhahabu. Mbali na *zahav*, ushairi wake hutumia *paz*, *ketem* na *haruts*, hasa katika Ayubu, Zaburi na Mithali. Kiswahili kina jina moja tu lililoenea, hivyo mfasiri hulazimika kuongeza sifa, kama vile *dhahabu safi* au *dhahabu ya Ofiri*. Mwalimu anayefundisha takriri na usambamba katika Zaburi anapaswa kulijua hili: mahali ambapo tafsiri inarudia *dhahabu*, matini ya asili huenda ina maneno mawili tofauti.

Fundi wa dhahabu huitwa *sonara*, neno lililoingia kutoka lugha za Bara Hindi. *Mfua dhahabu* ni kisawe chake cha Kibantu, kutokana na kitenzi *-fua*, yaani kupiga metali kwa nyundo.

3. Dhahabu na fedha

Maneno haya mawili huandamana katika maandiko, lakini katika Kiswahili yameachana njia. *Fedha*, kutoka Kiarabu *fidda*, lilianza kama jina la metali nyeupe, likapanuka hadi kumaanisha pesa kwa ujumla. Ndiyo sababu tuna Wizara ya Fedha. *Dhahabu* halikufuata mkondo huo. Limebaki kuwa kitu cha kushikwa, kupimwa na kuvaliwa.

Tofauti hii huzaa utata. Katika Matendo ya Mitume 3, Petro anamwambia kilema aliyeketi mlangoni pa hekalu kwamba hana metali hizo mbili za kumpa. Msikilizaji wa leo husikia «pesa» na «dhahabu», yaani kitu cha kutumia na kitu cha kuweka akiba. Hapo utata hauna madhara, kwa kuwa hata neno la Kigiriki lililotumika hubeba maana zote mbili. Lakini panapotajwa ufundi wa metali, ni salama kuandika *madini ya fedha*.

4. Katika Biblia

Dhahabu hutajwa mapema sana, katika Mwanzo 2, kama sifa ya nchi ya Havila. Baadaye hugawanyika katika sura tatu.

*Dhahabu ya ibada.* Kutoka 25 inaagiza sanduku la agano lifunikwe kwa dhahabu safi ndani na nje. Sura saba mbele, katika Kutoka 32, dhahabu ya masikioni mwa watu inayeyushwa na kuwa ndama. Madini ni yaleyale. Kilichotofautiana ni amri na haraka ya watu. Musa anaichoma sanamu hiyo, anaisaga kuwa unga, anaumwaga majini na kuwanywesha watu.

*Dhahabu inayozidiwa.* Mithali 3 na 8 zinaitanguliza hekima mbele ya dhahabu. Zaburi 19 na 119 zinaitanguliza sheria ya Mungu. Ayubu 28 inaeleza kwa kina jinsi mtu anavyotoboa mwamba na kuning'inia gizani akitafuta madini, kisha inauliza hekima inachimbwa wapi. Waraka wa kwanza wa Petro unailinganisha imani na dhahabu na kuiona dhahabu kuwa kitu chenye kuharibika. Katika vifungu vyote hivi dhahabu imeitwa ili ipitwe. Sifa yake ni ya kweli, na ndiyo inayokifanya kilichoizidi kiwe kikubwa.

*Dhahabu inayojaribiwa.* Mithali 17 inalinganisha mioyo ya watu na metali zilizo katika vyombo vya kuyeyushia. Tafsiri ya Muungano (1952) inatumia hapo *kalibu* na *tanuru*. Kwa wasomaji wengi wa leo *kalibu* ni chombo cha kukipa kitu umbo, hivyo maana ya kusafisha hupotea. Kitenzi *-jaribu* nacho kimepanuka: mtu hujaribu kufaulu, hujaribu nguo, hujaribiwa na shetani. Mwalimu afafanue kwamba hapa *-jaribu* ni kupima kwa moto ili takataka itengane na kilicho safi.

Hata Ufunuo 21, penye mji wa dhahabu, pana jambo la kuzingatia. Njia ya mji ni ya dhahabu safi, yaani kitu ambacho wafalme walikiweka vichwani sasa kinakanyagwa.

Upo pia mfano wa dhahabu kutoweka katika tafsiri. Mithali 25:11 katika Kiebrania inataja matunda ya dhahabu yaliyowekwa katika metali ya fedha. Tafsiri ya Muungano ilichagua *machungwa*: jina la tunda likabeba rangi, na neno *dhahabu* likaondoka. Tafsiri za baadaye zimelitaja waziwazi. Uamuzi wa kwanza unampa msomaji wa pwani picha anayoifahamu. Wa pili unahifadhi jozi ya dhahabu na fedha, ambayo ni mhimili wa ushairi wa Kiebrania. Darasa la tafsiri linaweza kujadili uamuzi upi unafaa kwa hadhira ipi.

5. Katika Kurani

Neno *dhahab* linapatikana mara nane katika Kurani, na mgawanyo wake unasema mengi. Mara nne linahusu dunia hii: mirundo ya dhahabu na fedha inayopendezeshwa machoni pa watu (3:14), dhahabu ya kuijaza ardhi ambayo haitakubaliwa kuwa fidia ya aliyekufa katika ukafiri (3:91), wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu (9:34), na Firauni akihoji kwa nini Musa hakuvishwa bangili za dhahabu (43:53). Mara nne nyingine linahusu Pepo: bangili (18:31, 22:23, 35:33) na sahani (43:71).

Kwa hiyo kilicho mtego upande huu ni zawadi upande wa pili. Kinachoamua si metali bali namna inavyopatikana. Sheria inalifuata wazo hilo. Dhahabu iliyofikia *nisabu*, ambayo kwa makadirio yaliyozoeleka ni gramu 85, na kukaa mwaka mzima, hutolewa zaka ya asilimia 2.5. Kuimiliki si kosa. Kosa ni kuizuia haki iliyomo ndani yake.

Jambo moja hupotoshwa na wafasiri. Katika kisa cha ndama (7:148; 20:87–88), Kurani inataja mapambo, haitumii neno *dhahab*. Anayeandika «ndama wa dhahabu» katika tafsiri ya aya hizo ameingiza maneno ya Kutoka ndani ya Kurani. Katika ufafanuzi inaruhusiwa. Katika tafsiri ni kosa.

Kwa anayetaka kulinganisha, tafsiri kuu za Kiswahili ni ya Godfrey Dale (1923), ya Mubarak Ahmad Ahmadi (1953), ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy (1969) na ya Ali Muhsin Al-Barwani (1995).

6. Neno lililoficha dhahabu: *fitina*

Wanaleksikografia wa Kiarabu wanaeleza kwamba kitenzi *fatana* kilihusu kuitia dhahabu au fedha motoni ili nzuri itengane na mbaya. Kutokana na mzizi huo likapatikana *fitna*, yaani jaribio linalofichua undani wa mtu. Kurani inapoziita mali na watoto *fitna* (8:28, 64:15), inazungumza lugha ya sonara: neema hizo ni moto wa kumpima mwenye kuzipata.

Kiswahili kilipolichukua neno hili kililibana. *Fitina* kwetu ni uchonganishi, maneno ya kugombanisha watu. Matokeo yake ni rafiki wa uongo mkubwa kuliko wengi katika tafsiri za kidini. Anayehamisha *fitna* kuwa *fitina* humfanya msomaji aelewe kwamba watoto ni wachonganishi. Maneno yanayofaa ni *jaribio* au *mtihani*, na panapohitajika tanbihi itaje moto na dhahabu.

Kiswahili, basi, kina vipande viwili vya sitiari moja. *Jaribu* limehifadhi maana ya kipimo lakini limeupoteza moto. *Fitina* limeupoteza moto na kipimo pamoja.

7. Ofiri, Sofala na Kilwa

Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinasema Sulemani aliletewa dhahabu kwa merikebu kutoka Ofiri. Kwa karne nyingi wasomaji wa Ulaya waliitafuta nchi hiyo kwenye ramani, na wengi wakaifikia pwani yetu. Sababu ilikuwepo: Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara kusini na kupitia Sofala. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za unga wa dhahabu uliopelekwa Sofala. Wareno waliiteka Kilwa na kujenga ngome Sofala mwaka uleule wa 1505.

Ndiyo maana mshairi Mwingereza John Milton, katika Kitabu cha Kumi na Moja cha *Paradise Lost* (toleo la 1674), anamwonyesha Adamu falme za dunia na kuzitaja Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala, akigusia kuwa hiyo ya mwisho ilidhaniwa kuwa Ofiri. Hivyo miji ya Waswahili iliingia katika utenzi mkuu wa Kiingereza kwa mlango wa dhahabu.

Imani hiyohiyo ilizaa riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliitafsiri kwa jina *Mashimo ya Mfalme Sulemani* (1929). Tazama uteuzi wa *mashimo* badala ya *migodi*. *Mgodi* leo hudokeza kampuni, leseni na mitambo. *Shimo* hudokeza jembe, kamba na mtu aliye chini.

8. Katika fasihi ya Kiswahili

Ushairi wa kale wa pwani huyataja mapambo kwa majina zaidi ya kuitaja metali. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwusia binti yake ajipambe, na anaorodhesha vitu kama *makoa* na *kidani*. Mwanafunzi anayetafuta motifu ya dhahabu kwa kutafuta neno *dhahabu* pekee hataiona. Aanze na majina ya vito. Katika kisa cha Fumo Liyongo, metali inayoamua ni nyingine kabisa: shujaa haingiliwi na silaha, ila hufa kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare (1969). Wachumba wa Portia wanachagua kati ya visanduku vitatu: cha dhahabu, cha fedha na cha risasi. Anayechagua dhahabu anakuta fuvu la kichwa; picha ya Portia imo katika risasi. Hapa dhahabu imeitwa ili ishindwe, kama katika Mithali.

Tamthilia hiyo ndiyo iliyoeneza methali isemayo kwamba kung'aa si uthibitisho. Kwa Kiswahili imezoeleka kwa sura mbili: *Ving'aavyo vyote si dhahabu* na *Si vyote ving'aavyo ni dhahabu*. Ya kwanza, ikichukuliwa neno kwa neno, inasema hakuna king'aacho kilicho dhahabu, jambo lisilo kweli. Ya pili inakanusha ujumla tu, nayo ndiyo sahihi kimantiki. Katika maandishi rasmi tumia ya pili, au *Si kila king'aacho ni dhahabu*.

9. Moto wa maandiko na moto wa machimboni: mfano wa Mpanda

Sitiari hupimwa pale msomaji anapokifahamu kitu chenyewe. Mwalimu wa kata ya Shanwe, katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, anafundisha katika mji uliokuzwa na madini. Mgodi mkubwa wa kwanza wa Mpanda ulichimba risasi, pamoja na shaba, fedha na dhahabu zilizochanganyika nayo. Kwa ajili yake reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa hapo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Leo dhahabu huchimbwa na wachimbaji wadogo katika maeneo kama Ibindi na Magamba. Mwanafunzi wa hapo huenda akayajua maneno haya kabla hajayaona kitabuni: *duara* (shimo la kuchimbia), *karasha* (mashine ya kusaga mawe), *mwalo* (mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu), *marudio* (mabaki ya mchanga uliooshwa).

Mwanafunzi huyo anaposoma kwamba dhahabu husafishwa kwa moto, huona picha tofauti na iliyokusudiwa. Mwaloni, unga wa mawe huchanganywa na zebaki, nayo huzikamata chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Moto huo huifukuza zebaki aliyoiweka mchimbaji mwenyewe, na mvuke wake ni sumu kwa achomaye na kwa walio karibu. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata wa 2013 unakusudia kupunguza matumizi yake. Moto wa Mithali na Zakaria ni mwingine. Huyeyusha metali yote ili uchafu uliozaliwa nayo ujitenge.

Tofauti si ndogo. Katika picha ya kwanza uchafu umetoka nje. Katika ya pili ulikuwa ndani tangu mwanzo, na hilo ndilo maandiko yanalolisema juu ya moyo. Mwalimu asiyeitaja tofauti hii atadhani darasa limeelewa kwa sababu wote wanaijua dhahabu.

Upande mwingine, Mpanda inampa mwalimu faida ambayo wengine hawana. Katika njia ya kale ya kusafisha fedha na dhahabu, risasi iliyeyushwa pamoja nazo ili ibebe uchafu. Yeremia 6:29 inategemea ujuzi huo: risasi imeteketea motoni, na kazi ya msafishaji imekuwa bure. Kwa msomaji wa kawaida *risasi* ni ya bunduki, na aya inakuwa fumbo. Katika mji ulioanza kwa risasi, maana ya kwanza ya neno haihitaji kutafutwa mbali.

10. Mwongozo wa matumizi

- *Nafasi ya dhahabu, fursa ya dhahabu*: imeenea katika magazeti kwa kuiga Kiingereza. Si kosa la sarufi, lakini *nafasi adhimu* au *fursa adimu* hueleza zaidi.
- *Kanuni ya dhahabu*: imekubalika kama jina la fundisho la kuwatendea wengine unavyotaka utendewe. Kumbuka kwamba Mathayo 7:12 yenyewe haitaji dhahabu.
- *Enzi ya dhahabu*: hutokana na Hesiodo wa Ugiriki, aliyevipanga vizazi vya watu kuanzia dhahabu hadi chuma. Itumike pale tu anguko linapodokezwa. Kwa ustawi mtupu andika *enzi ya neema*.
- *Ndama ya dhahabu* au *ndama wa dhahabu*: *ndama* ni mnyama, kwa hiyo upatanisho wa kawaida ni *wa*. Panapotajwa sanamu, *ya* imezoeleka katika maandiko. Chagua moja na uishike matini nzima.
- *-a dhahabu* na *-a rangi ya dhahabu*: tofautisha. *Saa ya dhahabu* imetengenezwa kwa dhahabu. *Saa ya rangi ya dhahabu* huenda ni shaba. Katika mikataba na matangazo ya biashara tofauti hii ina uzito wa kisheria.
- Kwa vipimo, tumia *gramu*, *wakia* na *karati*: *dhahabu ya karati 24*.

Mfasiri anapokutana na dhahabu katika matini ya zamani, ajiulize swali moja kabla ya kuandika: je, hapa dhahabu inasifiwa, inazidiwa, au inapimwa? Jibu litamwonyesha kama *bora* inatosha, au kama anahitaji *moto*, *jaribio* na *tanuru*.

Tazama pia: almasi, fedha, fitina, hazina, jaribu, kalibu, kidani, kito, risasi, shaba, sonara, tanuru, zebaki.